Gari-nyumba kuukuu likivuja: Doa halionyeshi tundu lilipo

DOA lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya chai ya maziwa, upana wa kiganja cha mtoto, kwenye pembe ya ukuta juu ya kitanda. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi katika mji mmoja wa kati mwa Uingereza, alinionyesha siku ya pili baada ya kuwasili kwangu huko likizoni, mwezi wa Agosti 2023. "Hiyo ni alama ya zamani tu, kaka," akaniambia. "Mzee aliyeniuzia alisema palivuja kidogo miaka mingi iliyopita, akapaziba." Nikapabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama hadi mwisho wa ukucha.

Hatukusemezana kwa muda. Gari hilo alikuwa amelinunua wiki sita kabla, kwa akiba ya miaka mitatu ya zamu za usiku. Mkataba wa nyumba aliyopanga ulikuwa unamalizika mwishoni mwa Septemba, na kodi mpya aliyotajiwa ilikuwa imemshinda. Mkulima mmoja mwenye kibali cha kupokea magari ya aina hiyo alikuwa amekubali kumkodishia nafasi shambani mwake, mwendo mfupi kutoka hospitalini. Hesabu zake zote zilikuwa zimelingana, isipokuwa hicho kidole kilichozama.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuliona, gari-nyumba ni gari lenye chumba cha kuishi mgongoni: kitanda, jiko la gesi, sinki, choo na friji, vyote vimebanwa katika nafasi isiyozidi ile ya matatu kubwa. Hapa kwetu si mengi. Pengine umeyaona barabarani yakiwa na nambari za usajili za kigeni, mali ya wasafiri wanaovuka bara kutoka Cape Town hadi Cairo. Ulaya yamejaa tele, na yaliyozeeka huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha wastani anaweza kuimudu. Sababu moja kuu ya bei hiyo kushuka ndiyo mada yetu leo. Maji huyaoza kwa ndani ilhali nje yanang'aa.

Ili kuelewa hali hiyo, sharti kwanza ujue yanavyoundwa. Kiwanda cha magari, mathalan Fiat au Ford, hutengeneza chesisi, injini na sehemu ya dereva. Kiwanda kingine huinunua chesisi hiyo na kujenga chumba juu yake. Katika yale yaliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1980 na 1990, ukuta wa chumba kwa kawaida una unene wa takriban sentimita tatu tu. Nje pana bati la alumini jembamba. Ndani pana plaiwudi ya milimita tatu iliyobandikwa karatasi ya plastiki yenye maua au mistari. Katikati pana fremu ya mbao laini za msonobari, na nafasi zilizobaki baina ya mbao hizo hujazwa lile povu jeupe gumu ambalo hufungiwa televisheni mpya. Tabaka zote hushikamanishwa kwa gundi, na nguvu ya ukuta inatokana na kushikamana huko. Maji yakiingia katikati, gundi huachia, povu hulegea, mbao huoza, na ukuta hubaki kuwa ngozi mbili zisizo na mfupa.

Tatizo huanzia kwenye maungio. Mahali ukuta unapokutana na paa, kiwanda hulaza utepe wa mastiki, yaani ule unga mzito unaonata kama ubani uliotafunwa, kisha huweka juu yake ukanda wa alumini na kuukaza kwa skrubu zinazoingia katika mbao. Vichwa vya skrubu hufunikwa kwa utepe wa plastiki ili visionekane. Ukilizunguka gari zima utahesabu skrubu mamia. Kila mojawapo ni tundu lililotobolewa makusudi, na kinachozuia mvua isipite hapo ni mastiki peke yake.

Mastiki nayo huzeeka. Mafuta yaliyomo hukauka, ikawa ngumu, ikanywea, ikapasuka. Alumini hutanuka juani na kusinyaa usiku. Barabara hulisukasuka gari kila linapoendeshwa. Fikiria nyumba inayopatwa na tetemeko la ardhi kila mwenye nyumba anapokwenda sokoni. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano bila kufunguliwa na kuzibwa upya, maungio mengi huwa yamekwisha kuachia mahali fulani, hata kama jicho halioni kitu.

Nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliwahi kukaa majuma mawili Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, nikiwatazama mafundi wakiunda majahazi. Fundi huchukua pamba iliyotiwa mafuta akaishindilia kwa patasi na nyundo katika kila mwanya baina ya ubao na ubao, ndiko kukalafati. Kisha chombo hushushwa majini, mbao zikanywa maji, zikavimba, zikabanana na pamba ile. Jahazi lililokaa nchi kavu muda mrefu huvuja siku za kwanza linaporudishwa baharini kwa sababu mbao zake zimekauka. Kwa jahazi, maji ni sehemu ya dawa. Mbao za jahazi pia ziko wazi. Nahodha huziona, huzigusa na kuzipaka mafuta. Mataruma ya gari-nyumba yamefichwa baina ya bati na plaiwudi, na yakishalowa hayana mahali pa kupumulia.

Kosa letu la kwanza

Jumamosi iliyofuata tulifanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya. Tulienda dukani, tukanunua mirija mitatu ya silikoni, ile inayonuka siki, tukapanda ngazi na kuipaka nje juu ya maungio yote ya pembe ile, mithili ya mtu anayepaka siagi mkatenimwe. Ilipendeza. Siku nne baadaye ilinyesha usiku kucha, na asubuhi doa lilikuwa limepanuka.

Kazi hiyo ilikuwa na makosa matatu. Kwanza, tulipaka juu ya vumbi, kuvu na mastiki iliyokufa. Silikoni ilishika uchafu, haikushika alumini. Pili, siki ile unayoinusa ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, nayo yaweza kula baadhi ya metali. Aidha, silikoni ikishapakwa, karibu hakuna gundi nyingine itakayokubali kukaa mahali hapo, kwa hivyo ilitubidi kuikwangua yote baadaye kwa siku nzima. La tatu ndilo lililokuwa kubwa zaidi: hatukuwa tumejua maji yanaingilia wapi. Tuliziba karibu na doa kwa kuwa doa ndilo tuliloliona.

Yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba ya mabati yenye dari anafahamu mchezo huu. Tundu la msumari liko juu ya sebule, lakini tone linadondokea chumbani, kwa kuwa maji yamefuata upau hadi mahali pa chini kabisa. Katika gari-nyumba mchezo ni uleule, ila njia imezibwa pande zote na huwezi kupanda darini kuitazama.

Kutafuta tundu

Jirani yetu pale shambani, seremala Mwingereza aliyestaafu, alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama silikoni yetu, akatikisa kichwa. Kisha akatuazima kifaa kidogo chenye meno mawili ya chuma, kipima unyevu. Unachomeka meno hayo katika plaiwudi, mahali pasipoonekana, nacho kinakupa asilimia ya maji yaliyomo katika mbao.

Namba zake si vigumu kuzisoma. Hadi asilimia 15 hakuna neno. Kati ya 16 na 20 unapaswa kupachunguza mara kwa mara. Ikizidi 20 kuna jambo, kwa kuwa ni katika kiwango hicho ambapo kuvu wa kuozesha mbao huanza kupata makazi. Kuanzia 30 na kuendelea, tarajia kukuta mbao zimekwisha kuharibika. Tulipima kila baada ya sentimita 30 tukaandika namba kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika ukutani. Kufikia jioni ukuta ulikuwa umegeuka ramani. Pale penye doa palisoma zaidi ya 30, kama tulivyotarajia. Jambo ambalo hatukulitarajia ni ukanda wa namba za 24 na 26 uliopita darini kutoka pembeni pale hadi kwenye dirisha dogo la paani, karibu mita mbili mbele.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi ila yahitaji subira. Mtu mmoja hukaa ndani na tochi. Mwingine hushika mpira wa maji nje. Huanzi juu. Unaanzia chini, unamwagia kila kiungo kwa dakika kumi hivi kabla ya kupanda kwa kinachofuata. Ukianza juu, maji yatateremka na kupita viungo vyote kwa pamoja, nawe hutajua ni kipi kilichoyapitisha. Wenye karakana hutumia njia nyingine: huziba matundu ya hewa, wakapuliza hewa ndani kwa feni, wakapaka maji ya sabuni nje, mapovu yanapofura, ndipo palipo tundu, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha.

Sisi tulipata matundu mawili. Mastiki iliyozunguka fremu ya dirisha la paani ilikuwa imepasuka upande wa nyuma. Maji yaliingia hapo, yakafuata mfereji mwembamba uliochongwa katika povu kwa ajili ya nyaya za taa, na kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa likiinamia nyuma, yakateremka hadi pembeni. La pili lilikuwa katika ukanda wa pembe yenyewe: skrubu sita zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikakatika, na ukanda ukaachia kiasi cha kupitisha kisu cha mezani. Yule mzee muuzaji, tuligundua pia, alikuwa amebandika karatasi mpya ya ukutani juu ya plaiwudi iliyooza. Sijui kama aliona anatengeneza au anaficha, na mdogo wangu hakutaka kumpigia simu kumuuliza.

Huenda msomaji akauliza mbona ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria ya Uingereza huyataka magari yapitie haukuligundua jambo hili. Ukaguzi huo huangalia breki, taa, magurudumu, kutu ya chesisi na mengine yahusuyo usalama barabarani. Unyevu wa ukuta wa chumba haumo katika orodha. Upo ukaguzi mwingine, wa sehemu ya makazi, lakini huo ni wa hiari.

Kabla ya kufungua ukuta, zima umeme wote. Gari la namna hii lina mifumo miwili: wa volti 12 kutoka kwa betri, na wa volti 230 linapochomekwa kwenye umeme wa kawaida. Nyaya za yote miwili hupita ndani ya kuta, na kisu hakiulizi. Funga mitungi ya gesi. Vaa barakoa nzuri na glavu, kwani kuvu ukishakauka hupeperuka na kuingia mapafuni. Piga picha kila kitu kabla hujakigusa, kisha piga tena baada ya kukifungua. Skrubu za kila mahali ziwekwe katika mfuko wake ulioandikwa jina. Mdogo wangu aliniona mshamba kwa jambo hili la mifuko. Wiki mbili baadaye, wakati wa kurudisha kabati, aliacha kucheka.

Tulikata plaiwudi kwa kisu chenye makali mapya. Nyuma yake mbao za msonobari zilikuwa nyeusi, zimelainika, zikitoka mkononi kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Ubao wa chini, ulioshika ukuta na sakafu, haukuwepo kabisa kwa urefu wa nusu mita. Alumini ya nje ilikuwa imesimama kwa mazoea tu.

Kukausha

Baada ya kuondoa kilichooza, usiweke kipya. Ngoja. Kama pana neno moja ningependa msomaji alichukue kutoka katika makala haya, ndilo hilo. Mbao zilizobaki, zile zinazoonekana nzima, bado zimelowa. Ukizifungia ndani ya ukuta mpya, utakuwa umewajengea kuvu nyumba bora kuliko ile ya kwanza, na gundi mpya haitashika.

Tulikodi mashine ya kufyonza unyevu hewani, tukaweka feni, tukafunga madirisha yote, tukatandika turubai juu ya paa ili mvua isiturudishe nyuma. Kila asubuhi nilimwaga ndoo ya maji yaliyokusanywa na mashine. Kila jioni tulipima. Siku ya tatu namba zilikuwa bado juu ya 20. Siku ya sita, 19. Mdogo wangu alikuwa akitazama kalenda. Zamu zake zilikuwa zinaanza tena, likizo yangu ilikuwa inakwisha, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwandikia barua ya kumkumbusha. "Kaka, asilimia 19 haitoshi?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba yeye ndiye muuguzi, aniambie kama kidonda hufungwa kikiwa bado kina usaha. Akaenda kulala. Siku ya tisa kipimo kilisoma 15 mahali pote, tukaanza kazi.

Useremala

Sehemu hii ndiyo watu huiogopa zaidi, nayo ndiyo iliyokuwa nyepesi zaidi. Anayeweza kutengeneza kiti kisichoyumba ataiweza. Unakata ubao uliooza hadi ufike kwenye ubao mzima, kisha unazidi kidogo; kipimo chetu kilikuwa bisibisi, kwamba ukiichomeka kwa nguvu isizame. Kipande kipya hakiungwi ncha kwa ncha. Unapunguza nusu ya unene wa kila kimoja kwa urefu wa sentimita kumi hivi, ukavilaza kimoja juu ya kingine na kuvibandika kwa gundi ya mbao isiyoachia majini. Ulaya chupa zake huandikwa D4. Kabla ya hapo mbao zote, mpya na za zamani, hupakwa dawa ya kuzuia kuvu na kuachwa zikauke.

Usitoe mbao zote za pembe kwa wakati mmoja. Paa limezikalia. Simamisha nguzo ndani, weka ubao mpana juu yake ili nguzo isitoboe dari, kisha badilisha mataruma moja baada ya jingine. Vilevile usijaribu kuwa hodari kuliko kiwanda kwa kuweka mbao nene za mninga au mvule. Mengi ya magari haya hayaruhusiwi kuzidi kilo 3,500 pamoja na mizigo na abiria, na uzito unaouongeza ukutani utaulipia kwa kuacha mizigo mingine. Msonobari mwembamba uliokauka vyema unatosha.

Badala ya lile povu jeupe tuliweka povu gumu la aina isiyonyonya maji, ambalo huuzwa kwa mabamba katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Tukapaka gundi, tukarudisha plaiwudi mpya, tukaibana kwa mbao zilizoegemezwa ukuta wa pili, tukaiacha siku nzima na usiku wake. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wameliona gari hili, lakini pale methali yao haikuwa na fumbo lolote. Tulikuwa tumepiga magoti tukijenga ukuta.

Kisha tukarudi nje kuziba, safari hii kwa utaratibu. Ukanda wa alumini uling'olewa wote, si pale tu palipoachia. Mastiki ya zamani ilikwanguliwa kwa kipande cha plastiki kisichochubua bati, na mabaki yakafutwa kwa spiriti ya kuondolea rangi. Matundu ya skrubu yaliyopanuka yalijazwa vijiti vilivyopakwa gundi ili skrubu mpya zipate pa kushika. Skrubu zenyewe zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Chini ya ukanda tulilaza utepe mpya wa mastiki ya butili, ambao haukauki ukawa mgumu upesi na ambao waweza kuufungua tena miaka ijayo. Ukaze kidogo, uache hadi kesho yake, kisha ukaze tena, maana butili hujisogeza taratibu na kujipenyeza kila mahali. Kinachofura nje ukikate.

Watu wengine hupendelea gundi za poliyurethani zinazotumiwa katika mashua. Ni imara mno, na hapo ndipo kasoro yake ilipo: ukishaitumia kwenye dirisha, siku ukitaka kulitoa huenda ukalivunja. Zaidi ya hayo, madirisha ya magari haya ni ya akriliki, nayo huingiwa na nyufa nyembamba yanapoguswa na baadhi ya kemikali. Sisi tulitumia butili kila mahali panapoweza kuhitaji kufunguliwa tena, na hilo ni karibu kila mahali.

Nieleze pia kwa ufupi maji yasiyotoka mvuani. Kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Ongeza pumzi za mtu aliyelala, taulo mbichi na birika, katika chumba kidogo chenye kuta baridi, nawe utaamka ukute madirisha yanatiririka. Watu wengi huyaona maji hayo wakadhani gari linavuja, wakaanza kupaka silikoni. Dawa yake ni hewa. Wapo pia ambao, kwa kuona baridi inaingia, huziba yale matundu yaliyoko sakafuni. Matundu hayo yamewekwa kwa sababu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na ni kwa tundu lile tu inapata pa kutokea. Usiyazibe kamwe, na kuwe na kengele ya kutambua kaboni monoksaidi. Mabomba ya gesi yenyewe hatukuyagusa; mdogo wangu alimwita fundi aliyesajiliwa kwa kazi hiyo.

Vifaa vyote, pamoja na mashine ya kukodi, havikufika pauni 600. Karakana moja ilikuwa imemtajia zaidi ya pauni 4,000. Hata hivyo, sitaki msomaji adhani tofauti hiyo ilikuwa ya bure: watu wawili tulifanya kazi saa zisizopungua 120, na mmoja wetu alikuwa ameenda kupumzika. Isitoshe, tulibahatika. Uozo ulikuwa katika pembe moja. Laiti ungekuwa umeshika paa lote, ile sehemu inayochomoza juu ya dereva na sakafu kwa pamoja, au chesisi ingekuwa imetobolewa na kutu, ningemshauri auze injini na viti kama vipuri na kukubali hasara.

Kwa hiyo anayetaka kununua gari la namna hii, iwe huko ughaibuni au hapa kwetu ambako vijana wameanza kugeuza vigari vya mizigo kuwa makazi ya safarini, na aende kulitazama siku ambayo mvua imenyesha. Afungue kila kabati na kunusa. Ainue magodoro. Abonyeze kwa kidole gumba pembe zote nne, chini ya kila dirisha na kando ya mlango. Sakafu akiikanyaga isibonyee. Karatasi mpya ya ukutani katika gari kuukuu imtie shaka kuliko doa. Na achukue kipima unyevu, ambacho bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya gari. Mwenye gari akikataa kisichomekwe, safari iishie hapo.

Niliondoka Septemba 9, plaiwudi ikiwa imebandikwa ila haijapakwa rangi. Mdogo wangu alimalizia peke yake baada ya zamu na akahamia siku mbili kabla ya mkataba wake kwisha. Desemba, baada ya juma zima la mvua, alinitumia picha ya kipima unyevu kikiwa kimechomekwa katika pembe ile juu ya kitanda: asilimia 14. Chini yake palikuwa na picha nyingine, ya pembe ya mbele upande wa dereva, ambayo hatukuwa tumeigusa. Ilisoma 18. Alikuwa amekwisha kununua utepe mwingine wa butili, na aliniuliza likizo yangu ijayo ni lini.